Hofu inapobaki baada ya kichwa kugongwa: kumtibu mtoto mwenye kiwewe na mtikisiko wa ubongo

Mtoto amegongwa na gari, au ameanguka kutoka juu, au amepigwa. Hospitali wamempima wakasema ni mtikisiko wa ubongo, hali si mbaya, mrudisheni nyumbani. Wiki zinapita. Halali vizuri, hataki kupanda gari, kichwa kinamuuma kila akifungua daftari, na neno dogo tu linamfanya alipuke. Hapo nyumba hugawanyika: mmoja anasema kichwa hakijapona, mwingine anasema ni woga, wa tatu anasema mtoto anadeka.

Mara nyingi wawili wa kwanza wote wamesema kweli. Ajali moja inaweza kuacha majeraha mawili, la ubongo na la nafsi (ndilo kiwewe), na dalili zake zikachanganyika hata mtu asijue aanzie wapi. Ushauri wangu ni kwamba yatibiwe pamoja. Ukisubiri kichwa kipone kabisa ndipo ushughulikie hofu, hofu inapata muda wa kuota mizizi. Ukiikabili hofu kana kwamba ubongo hauna tatizo, mtoto anachoka mpaka anaichukia tiba yenyewe.

Hatua ya 1: Hakikisha kichwa kiko salama

Kitabibu, jeraha la ubongo huhesabiwa kuwa dogo endapo mtoto alipata alama 13 hadi 15 kwenye kipimo cha fahamu cha Glasgow, hakuzimia kwa zaidi ya dakika 30, na kumbukumbu haikumkatika kwa zaidi ya saa 24. Picha ya CT mara nyingi haionyeshi kitu, na si kila mtoto anaihitaji. Picha kuwa safi hakuna maana kwamba mtoto anasingizia, kwa sababu mtikisiko huvuruga utendaji wa ubongo zaidi kuliko umbo lake.

Mrudishe hospitali mara moja ukiona lolote kati ya haya:

- maumivu ya kichwa yanayozidi saa baada ya saa
- kutapika mara kwa mara
- degedege
- mboni ya jicho moja kuwa kubwa kuliko ya jingine
- usingizi mzito asioamshika
- mkono au mguu kulegea, au ulimi kuwa mzito
- kuchanganyikiwa kunakoongezeka
- maji mepesi au damu kutoka puani au masikioni

Ukiwa na shaka kama ni kichwa au ni hofu, siku za mwanzo chukulia kuwa ni kichwa.

Jambo jingine la usalama: aliyemuumiza ni nani? Kama ni mtu aliye karibu naye na bado anaweza kumfikia, kazi ya kwanza ni kumtoa mtoto kwenye hatari na kuhusisha wanaolinda watoto. Huwezi kumfundisha mtoto kutoogopa kitu ambacho kweli bado kinamtishia.

Hatua ya 2: Mpumzishe, lakini usimfungie

Zamani watoto wa namna hii waliwekwa kwenye chumba chenye giza mpaka dalili ziishe. Siku hizi ushauri ni pumziko la wastani kwa saa 24 hadi 48 za kwanza: akae nyumbani, afanye shughuli nyepesi, atembee kidogo, simu na televisheni zipunguzwe. Baada ya hapo arudi kidogo kidogo kwenye maisha yake. Dalili zikipanda kidogo si hatari. Kipimo kinachotumika ni hiki: kwenye ngazi ya 0 hadi 10, zikipanda kwa pointi zisizozidi 2 na kushuka ndani ya saa moja, aendelee. Zikizidi hapo, apumzike, kisha aanze tena kwa kiwango cha chini.

Kwa mtoto aliyepata kiwewe, chumba cha giza kina ubaya wa ziada. Hana cha kufanya ila kufikiri, na kinachokuja akilini ni ile ajali.

Siku hizi za mwanzo msimlazimishe kusimulia. Kumkalisha mtoto na kumtaka aeleze yote mara moja ili "ayatoe moyoni" hakumkingi. Akitaka kusema mwenyewe, sikiliza bila kumkatiza na bila kumsahihisha. Wewe mweleze mambo machache ya kweli kwa maneno mafupi: nini kilitokea, kichwa chake kimepatwa na nini, na kwamba watoto wengi hupona ndani ya wiki chache. Asiyeambiwa hujijazia mwenyewe, na anachojijazia kwa kawaida ni kibaya kuliko ukweli. Video na picha za ajali zisizungushwe mbele yake. Waambieni na ndugu zake, maana mara nyingi wao ndio humwonyesha.

Hatua ya 3: Chunguza dalili ipi inatoka wapi

Hatua hii hurukwa sana, na ndiyo inayoamua kama tiba itashika. Uchovu, hasira za ghafla, usingizi mbovu, kushindwa kuzingatia na maumivu ya kichwa huletwa na mtikisiko, na huletwa na kiwewe. Ukiiuliza dalili peke yake haitakwambia imetoka wapi. Ulizia ilianza saa ngapi, na kabla yake kulikuwa na nini.

Kwa wiki moja andika kwenye daftari kila dalili inapotokea: saa, mahali, alichokuwa anafanya, na kilichoituliza. Mfano ni kichwa kuuma. Kikianza baada ya kusoma kwa dakika 20 na kutulia akifumba macho, hata akiwa amekaa na watu anaowapenda, kuna uwezekano mkubwa ni ubongo umechoka. Kikianza mara anaposikia breki za gari, au asubuhi ya siku ya kupita ile barabara, na kikaisha ghafla mnapoahirisha safari, hofu imeingia. Kizunguzungu nacho ni hivyohivyo: cha mtikisiko huja akigeuza kichwa au akiinuka haraka, cha hofu huja pamoja na moyo kwenda mbio, viganja kulowa na pumzi fupi.

Sauti hupoteza wengi. Mtoto mwenye mtikisiko huudhiwa na kelele zote: sahani, vicheko, redio. Mwenye kiwewe anaweza kuvumilia vicheko vya darasa zima halafu akaruka kwa mlio wa pikipiki moja. Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Ukiona mshtuko unachagua, fuata anachokichagua.

Kuna dalili ambazo mtikisiko peke yake hauzielezi: picha za tukio zinazomjia bila hiari, jinamizi, kukwepa mahali au watu au mazungumzo yanayomkumbusha, na kwa wadogo, mchezo uleule wa kugongana magari unaorudiwa bila furaha. Wengine hurudi kujikojolea au kukataa kulala peke yao. Upande wa pili, mwanga kumchoma macho, maandishi kuwa ukungu, kichefuchefu na kuyumba akitembea huelekeza zaidi kwenye ubongo, na mara nyingi kwenye macho au shingo iliyojeruhiwa siku ileile. Daktari anapaswa kuvipima vyote viwili.

"Lakini hakumbuki chochote, sasa ataogopaje?" Hata watumishi wa afya huuliza hivi. Anaweza. Kumbukumbu ya mtikisiko hukatika kipande, si yote. Huenda hakumbuki kugongwa, ila anakumbuka taa za gari likija, au alipozinduka na kuona damu, au mama akilia kwenye korido, au sindano alizochomwa akiwa ameshikwa na watu wanne. Hicho kipande kinatosha. Wengine hutengeneza picha kutokana na waliyosimuliwa, na picha hiyo inawatesa vilevile.

Hatua ya 4: Pima kwa wakati wake

Dalili za msongo zinazoonekana kati ya siku 3 na mwezi mmoja huitwa za papo hapo, na kwa watoto wengi hupungua zenyewe. Kuanzia mwezi mmoja na kuendelea ndipo ugonjwa wa msongo baada ya kiwewe hutambuliwa rasmi. Lakini mwezi usiwe kisingizio. Mtoto asiyelala kabisa, anayekataa kutoka nje au anayezungumzia kufa apelekwe sasa hivi.

Kuna dodoso fupi liitwalo CRIES-8, la maswali 8, kwa watoto wa miaka 8 na zaidi wanaoweza kusoma. Alama 17 au zaidi zinataka uchunguzi kamili. Kwa mtoto aliyeumia kichwa nalipendelea kuliko CRIES-13, kwa sababu yale maswali 5 ya ziada yanauliza mambo kama usingizi, hasira na kuzingatia, ambayo mtikisiko wenyewe unaweza kuyapandisha. Maswali 8 ya CRIES-8 yanahusu kumbukumbu zinazovamia na ukwepaji, nayo yanalenga kiwewe moja kwa moja.

Mtoto aulizwe mwenyewe, tena wakati mmoja bila mzazi kuwapo. Watoto huficha ili wasiwaongezee wazazi huzuni, na wazazi kwa nia njema huona nafuu ambayo haipo.

Hatua ya 5: Tengeneza usingizi, maumivu na shule kabla ya mazungumzo mazito

Anza na usingizi, kwa kuwa unagusa majeraha yote mawili. Mtoto wa miaka 6 hadi 12 anahitaji saa 9 hadi 12 kwa siku, na kijana wa miaka 13 hadi 18 saa 8 hadi 10. Saa ya kuamka isibadilike hata siku za mapumziko. Baada ya siku za mwanzo, usingizi wa mchana uwe mfupi au usiwepo kwa watoto wakubwa. Akiogopa kulala peke yake, mzazi akae karibu, kisha asogee mbali kidogo kidogo kadiri usiku unavyopita. Kwa jinamizi linalojirudia kuna mbinu rahisi inayosaidia wengi: mchana, akiwa mtulivu, achore ile ndoto na kuibadilisha mwisho apendavyo, kisha aurudie mwisho mpya kabla ya kulala.

Paracetamol kwa kipimo cha uzito wake inafaa, lakini siyo kila siku kwa wiki nyingi, kwa kuwa dawa ya maumivu ikizidi nayo huleta maumivu ya kichwa. Aspirini asipewe.

Shule arudi mapema, ndani ya siku chache kama anaweza, hata kwa nusu siku. Mwalimu aambiwe mambo mawili na siyo moja: kwamba ubongo unachoka haraka, hivyo apewe mapumziko mafupi, kazi pungufu na muda wa ziada wa mitihani, na kwamba kuna vitu vinavyomshtua, hivyo asikalishwe mgongo wake ukielekea mlangoni na asipigiwe kelele kwa nyuma. Michezo ya kugongana isubiri mpaka daktari aruhusu.

Hatua ya 6: Tiba yenyewe, iliyopimwa kwa ubongo unaochoka

Tiba yenye ushahidi imara kwa watoto ni tiba ya fikra na tabia inayolenga kiwewe. Muundo wake unaotumika sana ulitengenezwa Marekani na Judith Cohen, Anthony Mannarino na Esther Deblinger kwa watoto wa miaka 3 hadi 18. Kwa kawaida huchukua vikao 12 hadi 16, na mzazi hushiriki tangu mwanzo. Mpangilio wake haubadiliki kwa sababu ya mtikisiko: kuelewa, kutuliza mwili, kutaja hisia, kurekebisha fikra, kusimulia, kurudi kwenye yanayoogopwa. Kinachobadilika ni namna ya kuutoa.

Vikao vifupishwe. Badala ya saa nzima, dakika 25 au 30 mara mbili kwa wiki, au kikao kimoja chenye mapumziko katikati. Vifanyike saa ambazo kichwa chake ni chepesi, mara nyingi asubuhi, siyo jioni baada ya shule. Taa isiwe kali. Jambo moja kwa kikao, nalo lirudiwe kwa michoro na aondoke na karatasi ya kubandika ukutani, kwani anaweza kusahau walichozungumza ingawa alikielewa vizuri. Akisahau zoezi la nyumbani, tabibu asiharakishe kuita huo ukaidi.

Mazoezi ya pumzi yawe ya taratibu: kuvuta kwa sekunde 4, kutoa kwa 6. Pumzi nzito za haraka huleta kizunguzungu, na kwa mtoto huyu kizunguzungu kinatisha. Zoezi la kukaza na kulegeza misuli liruke shingo kama bado inauma.

Kwenye fikra, hukumu za kawaida zitajitokeza: ni kosa langu, barabara zote ni hatari. Lakini mtoto aliyeumia kichwa huongeza nyingine ambazo tabibu asiyezijua hatazitafuta: "ubongo wangu umeharibika," "sitakuwa na akili tena," "kichwa kikiuma nitakufa." Hiyo ya mwisho ina madhara makubwa. Maumivu ya kichwa yamegeuka kumbusho la ajali, na kumbusho hilo analibeba mwenyewe kila aendako. Kichwa kinauma, anaogopa. Hofu inakaza misuli ya shingo na kumnyima usingizi. Kichwa kinauma zaidi. Mchoreeni mzunguko huo, aone mahali pa kuukata. Mwambieni kweli kwamba maumivu baada ya kusoma maana yake ubongo umefanya kazi na unaomba nafasi, na kwamba dalili za hatari ni zile zilizoorodheshwa, nazo watu wazima wanazijua na wanaziangalia.

Kusimulia tukio hufanywa kwa vipande, kwa kuandika, kuchora au vikaragosi. Mahali kumbukumbu ilipokatika, paachwe wazi. Wachore kisanduku kitupu waandike "hapa sikumbuki," kisha waendelee na anachokikumbuka. Yaliyosimuliwa na wengine yaingie kwa rangi nyingine, ili yasichanganyike na yake. Kumshawishi akumbuke zaidi hakuna faida ya tiba, na kunaweza kumpandikizia kumbukumbu za uongo.

Tiba hii isiposaidia, ipo nyingine iitwayo EMDR, iliyoanzishwa na Francine Shapiro mwaka 1987, ambapo mtoto hushika kumbukumbu akilini huku macho yakifuata kitu kinachokwenda kushoto na kulia. Kama macho yake bado yana shida na zoezi linamletea kichefuchefu, vigongwe viganja vyake kwa zamu badala ya kuhamisha macho.

Hatua ya 7: Kurudi kwenye kinachoogopwa

Hapa ndipo majeraha mawili hugongana. Mtikisiko unasema pumzika, kiwewe kinasema kabili. Mtoto aliyejilaza kwa sababu ubongo umechoka na yule aliyejilaza ili asipite barabarani wanaonekana sawa kabisa mlangoni pa chumba, na mtoto mwenyewe hajui yeye ni yupi.

Kanuni ninayoiamini ni hii: apumzike palepale, asiondoke. Tuseme anaogopa gari. Tengenezeni ngazi: kutazama gari lililosimama, kukaa ndani likiwa limezimwa, kukaa likiwashwa, kuzunguka kwa dakika 5, kupita barabara nyingine, mwisho barabara ya ajali mchana kweupe. Akisema kichwa kinauma akiwa ndani ya gari lililosimama, asirudishwe ndani ya nyumba. Afumbe macho, anywe maji, akae kimya humohumo dakika 5 au 10. Kama ni ubongo, pumziko amelipata. Kama ni hofu, hajaikimbia, na itashuka yenyewe akiwa bado amekaa. Mkirudi nyumbani, rudini hofu ikiwa imeshuka, siyo ikiwa kileleni. Lakini dalili za kichwa zikipanda kwa zaidi ya pointi 2 na zisishuke, maliza kwa siku hiyo na kesho anza ngazi moja chini.

Siku ya kupanda ngazi ya hofu isiwe siku ya kuongeza masomo au mazoezi ya mwili. Ongeza kimoja kwa wakati, la sivyo hutajua kilichomzidi. Na ngazi hizi ni za hofu iliyobaki baada ya hatari kupita. Kurudi kwenye mchezo wa kugongana ili "aondoe woga" kabla ya kuruhusiwa hakumo.

Hatua ya 8: Dawa za kiwewe

Mwongozo wa NICE wa Uingereza wa mwaka 2018 unasema dawa zisitumike kuzuia wala kutibu msongo baada ya kiwewe kwa walio chini ya miaka 18. Dawa za usingizi na za kutuliza, kama diazepam, humwongezea uzito kichwani mtoto ambaye tayari hafikiri kwa wepesi. Kama ana sonona au tatizo jingine, hilo ni la daktari wa akili wa watoto.

Hatua ya 9: Mzazi naye

Mzazi aliyekuwepo kwenye ajali, au aliyepokea simu, mara nyingi ana kiwewe chake. Mtoto husoma uso. Ukimshika mkono kwa nguvu kila gari likipita, ngazi zote za hatua ya 7 zinabomoka. Pata wa kuzungumza naye, ikibidi mtu mwingine wa nyumbani aongoze mazoezi ya barabarani wakati wewe unapata nafuu. Jihadhari pia na huruma inayofuta taratibu zote. Saa ya kulala, kazi ndogo za nyumbani na katazo la kupiga ndugu zake vibaki vilevile. Mpangilio unaojulikana humwambia kwamba dunia imerudi mahali pake.

Hatua ya 10: Kufuatilia

Dalili za mtikisiko zikivuka wiki 4, omba uchunguzi mpya wa macho, shingo, usawa wa mwili na maumivu ya kichwa. Vikao 6 vya tiba vikipita bila mabadiliko yoyote, tabibu arudi kwenye daftari la hatua ya 3: huenda dalili mliyokuwa mkiiita hofu ni macho yasiyoshirikiana, au mliyokuwa mkiiita kichwa ni ukwepaji. Kijana anayezungumzia kujidhuru aulizwe waziwazi. Kumuuliza hakumpandikizii wazo hilo.

Hofu inaweza kuamka tena siku ya kutimia mwaka, au kesi ikifika mahakamani. Mara nyingi kikao kimoja au viwili vya kurudia mbinu zilezile hutosha, kwa hiyo tunzeni zile karatasi za ukutani. Akigonga kichwa upya, hata kidogo, apimwe kama mara ya kwanza, kuanzia hatua ya 1, hata kama kila mtu nyumbani ana hakika kwamba safari hii ni woga tu.